Chumba, nyumba ya uani, fleti ya shirika au fremu: uchague ipi Dodoma kama unalala na kufanya kazi mahali pamoja

Mdogo wangu ameingia Dodoma mwezi uliopita akitokea Kondoa, na cherehani moja, mashine ya ovaloki ya mtumba na watoto wawili. Dalali akamzungusha kwa bodaboda siku nzima, mahali pane. Jioni akaja kwangu na kikaratasi alichokikunja mara nne:

Nkuhungu, chumba na sebule, 80,000, kodi ya miezi mitatu.
Ilazo, nyumba ndogo ya uani ndani ya geti, 200,000, miezi sita.
Fleti ya shirika la nyumba, mpangaji wake anahama na yuko tayari "kumwachia", 180,000.
Fremu, yaani chumba cha duka, Majengo, 150,000, miezi sita. Chumba cha kulala atatafuta kwingine.

"Dada, nichukue ipi?"

Nikamwuliza mambo matatu. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, mnashea wangapi? Mwenye nyumba amesemaje kuhusu watoto na wateja? Kiwanja chenyewe kimepimwa kwa matumizi gani? Hakuwa na jibu hata moja, na simlaumu. Mimi nami ni fundi nguo, na mwaka 2017, watumishi wa serikali walipokuwa wanahamia makao makuu na vyumba vinagombaniwa kama sukari ya Ramadhani, nilipanga kwa kuangalia bei na vigae.

Kwanza tukubaliane kwamba bei haina mlinzi. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano, na miezi ya kulipa mbele ni makubaliano pia. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ina sehemu nzima ya mambo ya pango, na ambayo wapangaji wengi hatujawahi kuisikia mpaka siku tunapofungiwa kufuli.

Idadi ya watu ndani ya nyumba nayo ni vivyo hivyo. Afisa afya anaweza kuja nyumba ikiwa kero, choo kimefurika au watu wamebanana mpaka ni hatari, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka hayo. Lakini siku kwa siku, anayehesabu vichwa ni mwenye nyumba, na anavihesabu kwa maji, choo na umeme.

Nyumba ya wapangaji: Nkuhungu, Chang'ombe, Majengo

Nilikaa kwenye nyumba ya vyumba vinane, wapangaji sita, mwenye nyumba bibi wa Kigogo aliyekuwa anaishi chumba cha mbele. Kwenye msumari nyuma ya mlango wake lilining'inia kaunta buku la jalada jekundu. Humo ndimo tulimokuwa tunaishi wote: jina, idadi ya vichwa, na deni la maji.

Maji ya Dodoma yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kwa mgawo. Siku ya zamu yenu mnajaza tenki na madumu. Bili ikija inagawanywa kwa vichwa, si kwa vyumba. Mdogo wangu huyu huyu alipokuja kunitembelea mwaka ule, siku ya saba bibi aliniita kibarazani.

"Mwanangu, huyu mgeni wako anaoga?"

"Anaoga, bibi."

"Basi ameshaingia kwenye daftari."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dodoma ya tatu mpe bili ya maji. Nilikasirika siku ile. Leo naona ilikuwa kanuni ya haki kuliko nyingi nilizokutana nazo baadaye, kwa sababu ilijulikana na iliandikwa. Nyumba mbaya ni ile ambayo hakuna aliyesema lolote, halafu siku ya kugombana unaambiwa "mlisema mko wawili". Kwa wanafunzi wanaopanga kuzunguka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hili ni kubwa zaidi: chumba cha wawili kinageuka cha wanne katikati ya muhula, choo ni kile kile, na anayetimuliwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba.

Sasa umeme, ambao ndio uliokaribia kuniua kibiashara. TANESCO ina daraja la D1 kwa matumizi madogo ya nyumbani: ukibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, na ukiongeza VAT na tozo inafika kama 122. Ukiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti ni 292, yaani kama 356 kwenye risiti ya tokeni. Nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja haiwezi kubaki D1 hata mkilala gizani. Kwa hiyo yule mwenye chumba cha "bei nafuu" ananunua uniti kwa karibu mara tatu ya mwenzake mwenye mita yake na matumizi madogo. Uniti 75 zile zile, bila VAT na tozo, ni 7,500 kwa mmoja na 21,900 kwa mwingine.

Na mnagawana vipi? Kwetu ilikuwa kila chumba kiasi sawa, mwenye friji anaongeza. Cherehani yangu haikuwa tatizo, mota yake ndogo. Tatizo ilikuwa pasi. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti nzima, na fundi nguo anapiga pasi kila mshono. Baba wa chumba cha tatu alianza kusimama mlangoni kwangu akisikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Nikanunua pasi ya mkaa, amani ikarudi.

Kuna kingine kidogo kinachokera: kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye luku. Sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilianza 1,000. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo, ila inakatwa kwenye tokeni ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo anayewahi kununua ndiye anayeumia. Kwenye nyumba yetu tarehe moja kila mtu alikuwa hana hela.

Kwa biashara ndogo, hata hivyo, nyumba hizi zina kitu ambacho hakinunuliwi: watu wanapita. Kibaraza kinatazama njia, mteja anakuona umeinama kwenye cherehani, anauliza bei ya kupunguza suruali, kesho analeta kitenge. Kusuka, kukaanga karanga, kuuza barafu, kushona, yote yanavumilika mtaani. Kisichovumilika ni moshi unaoingia vyumbani, muziki, na wateja wa saa nne usiku. Dodoma ongeza upepo wa kiangazi: nguo nyeupe ya kipaimara ukiishonea barazani mwezi wa Julai utaifua kabla hujaikabidhi.

Nyumba ya peke yako: Ilazo, Kisasa, Nzuguni

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu hapa ndipo panapopendeza. Geti, uzio, luku yako, tenki lako, hakuna anayehesabu wanaooga. Watoto wako hata wakiwa watano, mwenye nyumba anauliza kodi tu. Kwa upande wa vichwa, nyumba ya uani inaishinda nyumba ya wapangaji bila mjadala, hasa kwa mtu mwenye ndugu wa kuja na kwenda.

Kwa upande wa biashara, inategemea kiwanja kilichorwa nini. Dodoma ni mji uliopangwa. Wazee wanaikumbuka CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, na ukali wake kwa waliojenga bila kibali, mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri. Mchoro wa mipango miji unasema kiwanja hiki ni makazi, kile ni makazi na biashara, kile ni biashara. Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na mwenye kukiomba ni mwenye kiwanja. Mpangaji huwezi. Unaweza kumbembeleza mwenye nyumba akusaidie, lakini kwa kodi ya miezi sita hakuna mtu atakayeanza safari hiyo kwa ajili yako.

Nilipohamia Ilazo nilitundika kibao ukutani, "Fundi Nguo, Karibu", herufi nyekundu. Baada ya wiki tatu mwenyekiti wa mtaa alipita jioni, akanisalimia vizuri, akakaa, akanywa chai. Ndipo akasema jirani analalamika bodaboda zinapaki mbele ya geti lake. "Mama, kushona shona. Kibao ndicho kinachoniletea maneno." Nikakitoa. Oda zilipungua nusu, kwa sababu nyuma ya ukuta wa futi saba mteja hakuoni.

Tangu siku hiyo nikawa na kipimo changu, na hakijaniangusha: kazi ambayo mtu akipita nje hajui kama inafanyika, inakaa vizuri kwenye nyumba ya makazi. Keki za oda, kushona kwa oda za simu, mahesabu ya watu, kutengeneza batiki kama maji yapo. Kazi inayohitaji mteja kuingia, gari kupaki, au kijana wa kuajiri kusimama getini, imeshazidi makazi. Hata kanuni za kelele za mwaka 2015 zinatenganisha eneo la makazi matupu na la makazi yaliyochanganyika na biashara. Kwenye makazi matupu kiwango cha sauti ni cha chini zaidi, na mashine ya kusaga karanga haitabishana na jirani anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kurudi amechoka.

Kazi mbili zinastahili tahadhari ya pekee. Ukitaka kulea watoto wa watu mchana, hata kama ni sebuleni kwako, hicho ni kituo na kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kuita "nawashikia tu majirani" hakusaidii siku mtoto akianguka. Na ukifunga chakula kwenye pakiti yenye jina lako, karanga au unga wa lishe, tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS, Shirika la Viwango. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamezoea wanaoanza.

Fleti ya shirika

Hii niimalize haraka. Wapangaji wa NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, wanajua mkataba wao haumruhusu mpangaji kumpangisha mwingine bila idhini, na hata nje ya mashirika Sheria ya Ardhi inamtaka mpangaji apate ridhaa ya mwenye mali kabla ya kumwachia mtu. Huyo anayetaka "kumwachia" mdogo wangu anauza kitu ambacho si chake. Siku ya ukaguzi utakuta wewe huna mkataba na shirika, na aliyechukua hela yako yuko Mwanza.

Ukiipata kwa njia halali, kwa jina lako, ni makazi mazuri ya familia. Ila mzigo wa cherehani mbili juu ya kichwa cha mtu wa ghorofa ya chini si wa kirafiki, na ngazi na korido ni mali ya wote. Huwezi kupanga viti vya wateja pale. Wapo wanaopangisha fleti zao kimyakimya msimu wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, wakati wageni wamejaa mji. Hesabu inavutia. Ila soma mkataba kwanza.

Fremu na chumba

Fremu inaonekana ghali mpaka uhesabu, halafu inaonekana ghali zaidi, halafu ukiendelea kuhesabu inaanza kuwa na maana.

Kodi ya 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka. Ukienda TRA kufanyiwa makadirio na kuomba hati ya kutodaiwa, wataomba mkataba wa pango. Mkataba unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, hapo 18,000. Kisha kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango la biashara, yaani 180,000. Hii ni kodi ya mwenye fremu: sheria inakutaka uikate kwenye pesa unayompa na kuiwasilisha. Mtaani, mwenye fremu anakwambia "yangu ni mia na hamsini mkononi, mambo ya TRA utajua mwenyewe". Ongea naye hilo kabla hujatoa hata shilingi. Mimi niliongea baadaye, na 180,000 ikatoka mfukoni mwangu.

Kisha leseni ya biashara kutoka halmashauri, siku hizi inaombwa kwa mfumo wa Tausi: TIN, namba ya NIDA, mkataba wa pango, hati ya kutodaiwa. Leseni ni ya mahali pamoja. Ukifungua fremu Majengo na kuendelea kuuza nguo nyumbani Nkuhungu kama duka la pili, hilo la pili halina leseni. TIN yenyewe ni bure. Ukiona mtu anakutoza, ni wa pembeni.

Kwa upande wa kodi ya mapato kuna unafuu kwa wanaoanza: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kwenye mfumo wa makadirio ya wafanyabiashara wadogo. Fundi mwenye cherehani moja anaangukia humo kirahisi. Lakini fundi huyo huyo akikaa kwenye fremu ya 1,800,000 kwa mwaka anajiwekea mtego mwenyewe, kwa sababu karibu nusu ya mauzo hayo inakwenda kwa mwenye fremu kabla hajanunua uzi.

Faida ya fremu ni kwamba hakuna wa kukuuliza. Mteja anaingia, kibao kinatundikwa ukishalipia ada ya bango, kijana unamwajiri. Na nyumbani unarudi kuwa mpangaji wa kawaida ambaye watoto wake wanaoga tu.

Pesa za kuingilia, bila kuficha

Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo Nkuhungu ni 320,000 kuingia. Ilazo ni 1,400,000. Fremu na udalali wake ni 1,050,000, na chumba cha 50,000 kwa miezi mitatu na dalali wake kinaongeza 200,000, jumla 1,250,000 kabla ya TRA na leseni. Mdogo wangu alikuwa na laki saba, na kati ya hizo alihitaji kununua vitambaa vya sare kabla shule hazijafunguliwa.

Ukiwa na mtaji na biashara imeshajulikana, nenda fremu. Ukiwa na wateja wa simu na familia kubwa, nenda Ilazo na usitundike kibao. Ukiwa unaanza na hujulikani, nyumba ya wapangaji inayotazama njia, hasa kwenye kiwanja cha makazi na biashara, inashinda zote, pamoja na kelele zake. Hiyo ndiyo rai yangu na nimeilipia.

Mkataba

Hata kwa chumba cha 80,000, andika. Pango la mwaka mmoja au chini linaweza kuwa la mdomo na likakubalika kisheria, ila mdomo hausomeki mbele ya baraza. Kama kodi inalipwa mwezi kwa mwezi bila muda uliotajwa, notisi ya kuhama ni angalau mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Mwenye nyumba anatakiwa kukuacha uitumie nyumba kwa amani, na paa na kuta za nje ni juu yake isipokuwa mmeandika vinginevyo.

Wenye nyumba wengi hawataki neno "biashara" liingie kwenye mkataba, wakihofia TRA. Usilazimishe neno, elezea kitendo. Ukigombana naye, anza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na jiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza. Barua yake utaihitaji kwa mengi, kuanzia NIDA mpaka ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana.

Jumamosi tulirudi Nkuhungu wawili, bila dalali. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa anapepeta mtama uani. "Mbukwa, mama," nikamsalimia Kigogo. Akaitikia na kutupa vigoda. Luku wanashea wanne, maji kwa vichwa, kiwanja makazi na biashara. Akatoa karatasi ya hati iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mpaka imegeuka njano. Tuliandika hapo hapo kwenye mkataba, kwa kalamu ya mtoto wake wa shule: "Mpangaji na watoto wawili. Anaruhusiwa kushona kibarazani, mwisho saa tatu usiku. Mgeni akizidi siku tano analipiwa maji. Kodi ya jengo ya luku inapunguzwa kwenye pango."

Mama akasoma mara mbili, kisha akauliza swali ambalo mimi nililichelewa kwa miaka. "Na pasi?"

Tukaongeza mstari wa tano. Pasi yangu ya mkaa nimeitoa stoo, mpini umelegea kidogo, anaipeleka kwa fundi kesho.